Kupima mashine ya ultrasaundi kwa fantomu: mwongozo kamili kwa hospitali na vituo vya afya vya Kanda ya Ziwa

Mashine ya ultrasaundi huchakaa polepole, na hapo ndipo hatari yake ilipo. Jenereta likikataa kuwaka kila mtu anajua. Probu, yaani kile kichwa cha mkononi kinachogusa mgonjwa, ikiwa imepoteza elementi (kipande kidogo cha ndani kinachotoa na kupokea sauti) moja mwaka jana na mbili mwaka huu inaendelea kutoa picha, na anayeitumia kila siku jicho lake limeshaizoea. Kwa hiyo huwezi kujua hali ya mashine kwa kumtazama mgonjwa, maana wagonjwa hawafanani. Unahitaji kitu kisichobadilika, ukitazame kwa mipangilio isiyobadilika, kisha ulinganishe na namba ulizoandika siku mashine ilipokuwa nzima. Kitu hicho ndicho fantomu. Lakini naomba tukubaliane mapema: fantomu bila daftari la kumbukumbu ni sanduku la jeli tu.

Huku kwetu jambo hili lina uzito wake. Mama anayetoka kisiwani au kijijini huenda akapigwa ultrasaundi mara moja tu katika ujauzito wote, na tarehe ya kujifungua itahesabiwa kwa vipimo vya siku hiyo. Katikati ya ujauzito upana wa kichwa cha mtoto huongezeka kwa takriban mm 3 kwa wiki, kwa hiyo mashine inayokosea mm 3 imekosea wiki nzima. Upande mwingine tuna kichocho cha tumbo, ambacho mwambao wa Ziwa Victoria unakijua vizuri. Daktari anatafuta makovu kuzunguka mshipa wa porta, unaopeleka damu kwenye ini, na anaupima mshipa wenyewe; ukizidi takriban mm 13 anaanza kushuku shinikizo la mshipa huo. Makovu hayo ni mistari myeupe ndani ya kijivu. Probu iliyochoka inaweza kuyafifisha, na mvuvi akarudi mwaloni ameambiwa ini lake halina neno.

Mwongozo huu unahusu picha ya kawaida ya kijivu, siyo dopla inayoonyesha mwendo wa damu, na umelengwa kwa mafundi na wahandisi wa vifaa tiba pamoja na wataalamu wa ultrasaundi wenyewe. Sehemu kubwa ya kazi hii haihitaji cheo chochote. Inahitaji utulivu na uaminifu wa kuandika.

Ijue fantomu yako kwanza

Kwa nje ni sanduku la plastiki lenye utando mwembamba upande mmoja, ambapo probu hukaa. Ndani yake mna jeli ngumu yenye maji mengi, iliyotengenezwa ipitishe sauti kwa mita 1,540 kwa sekunde. Hiyo ndiyo kasi ambayo mashine za ultrasaundi huichukulia kuwa ya nyama laini za mwili zinapogeuza muda wa mwangwi kuwa umbali. Jeli hiyo pia huidhoofisha sauti kwa kiwango kinachojulikana, mara nyingi desibeli 0.5 au 0.7 kwa kila sentimita kwa kila megahezi. Katikati yake zimepitishwa nyuzi za nailoni nyembamba sana, zenye unene wa takriban mm 0.1, kwa nafasi zilizopimwa. Kuna pia matundu ya duara yasiyo na mwangwi, yanayoiga uvimbe wa maji, na miduara ya kijivu iliyokoza au kufifia kuliko jeli iliyoizunguka.

Soma cheti cha mtengenezaji kabla ya kupima chochote. Hapo utapata nafasi halisi za nyuzi na joto ambalo vipimo vyake vinasimamia, mara nyingi kama nyuzi joto 22. Angalia pia jeli ni ya aina gani. Zipo fantomu za mpira wa uretani ambazo hazikauki, lakini sauti hupita humo kwa takriban mita 1,450 kwa sekunde, na mtengenezaji hurekebisha nafasi za nyuzi ili mashine isome sawasawa. Anayezitumia bila kujua hilo atazozana na mashine isiyo na kosa.

Adui wa fantomu ya maji ni kukauka na joto. Ipime uzito ikiwa mpya, kwa mizani ya dijitali, uandike uzito huo kwenye kibandiko ubavuni. Rudia kila baada ya miezi mitatu. Uzito ukishuka, maji yametoka. Uso utaanza kubonyea, viputo vya hewa vitajitokeza chini ya utando, na nafasi kati ya nyuzi haitakuwa tena ile ya kwenye cheti. Usiifute kwa spiriti. Usiibonyeze kwa probu ukidhani picha itang'aa zaidi, kwa sababu utando ukichanika fantomu hiyo haina maisha marefu.

Hospitali nyingi za wilaya hazina fantomu yao, na sioni ubaya fantomu moja ikizunguka kutoka jijini Mwanza kwenda Magu, Misungwi na Sengerema. Siku hizi ukivuka Daraja la Kigongo–Busisi unaokoa saa za kusubiri kivuko juani. Ukerewe bado ni safari ya maji, iwe kwa meli kutoka Mwanza au kwa kuzunguka Bunda na kuvuka Kisorya kwenda Rugezi. Popote uendako, fantomu isafiri ndani ya boksi lake lisilopitisha hewa, ikae kivulini, isiachwe ndani ya gari lililofungwa vioo saa sita mchana. Ukifika iache ndani ya chumba cha kipimo kwa saa kadhaa, ikiwezekana usiku mzima, ili joto lake lilingane na la chumba. Jeli yenye joto hupitisha sauti haraka zaidi, na kosa hilo litaonekana kwenye vipimo vya umbali kana kwamba ni la mashine. Andika joto la chumba kila unapopima. Mimi hupenda kupima asubuhi, kabla bati halijashika moto.

Kabla ya kuwasha, kagua kwa mikono

Anza na probu. Ifute ikauke, kisha pitisha kidole taratibu juu ya lenzi yake, ule mpira laini unaogusa mgonjwa. Tafuta ufa, shimo, au sehemu iliyovimba kwa kuachana na kilichopo chini yake. Pindapinda kebo karibu na shingo ya probu na karibu na plagi, maana huko ndiko inakokatika. Tazama pini za plagi kwa tochi. Probu yenye ufa kwenye lenzi au ganda itolewe kazini hapohapo, hata kama picha yake ni nzuri. Ufa unaingiza jeli na dawa ndani kwenye umeme, na unahifadhi uchafu wa mgonjwa mmoja hadi mwingine.

Uliza probu husafishwa kwa nini. Mara nyingi lenzi huharibiwa na dawa kali isiyoruhusiwa na mtengenezaji wa probu hiyo, wala si na umri.

Kisha fungua vichujio vya hewa. Vumbi la kiangazi na wadudu wa ziwa wanaokuja kwa mawingu na kufuata taa hujaa humo, mashine inachemka ndani, feni inalia, na vipuri vya umeme vinakufa kabla ya wakati. Osha vichujio, vikauke kabisa, virudishe.

Weka mipangilio, kisha usiiguse ila jaribio likitaka

Washa mashine, iache kama robo saa. Chagua probu na mpangilio unaotumika zaidi kwa probu hiyo, mathalani tumbo la mtu mzima kwa probu ya mbinuko. Kisha zima kila kinachopamba picha: hamoniki, uunganishaji wa pembe nyingi, ulainishaji wa chengachenga (zile nukta nukta za kijivu za picha), na kitufe cha kujirekebisha chenyewe. Wapo wanaopenda kupima na vitu hivi vikiwa vimewashwa kwa sababu ndivyo mgonjwa anavyopimwa. Nawaelewa, lakini programu hizo zimetengenezwa kuficha udhaifu wa picha, na sisi tumekuja kuutafuta udhaifu huo.

Vitelezi vyote vya TGC, vinavyoongeza au kupunguza mwangwi wa kila kina, viwe katikati. Fokasi, yaani kina ambacho sauti hukusanywa, iwe moja. Andika masafa, kina, geini (ukuzaji wa mwangwi unaorudi), nguvu ya kutoa sauti, upana wa ngazi za kijivu na mahali fokasi ilipo. Hifadhi mpangilio huu ndani ya mashine kwa jina lake, ili mwakani uuite kwa kitufe kimoja. Piga pia picha ya skrini nzima ikionyesha namba hizo. Kama geini ya mwaka jana ilikuwa 60 na ya leo ni 70, ulichopima leo hakilinganishwi na chochote.

Jaribio la hewani: dakika mbili zenye faida kuliko zote

Hili halihitaji fantomu, na ningetamani lifanywe kila mwezi katika kila chumba cha ultrasaundi kuanzia hospitali za Bugando na Sekou Toure jijini Mwanza hadi kituo cha afya cha mwisho kisiwani.

Probu iwe safi na kavu, bila jeli. Ishike hewani. Punguza kina, leta fokasi juu kabisa, na zima taa za chumba. Juu ya picha utaona mikanda myeupe ya mlalo, mmoja chini ya mwingine: sauti inagonga mpaka wa lenzi na hewa, inarudi, inagonga tena. Shusha geini mpaka ibaki mikanda michache iliyofifia. Sasa tazama kutoka kushoto kwenda kulia. Mikanda inatakiwa iwe sawa upana wote. Palipo na elementi iliyokufa, au waya wake uliokatika, utaona mkato mweusi wa wima unaoshuka kupitia mikanda yote.

Nilishawahi kuwa na mtaalamu mmoja wa ultrasaundi katika kituo ambacho mkato wa namna hiyo ulikuwa karibu na theluthi ya picha, upande wa kulia.

"Kaka, hicho ni kivuli cha mbavu," akaniambia. "Kila mgonjwa tunakiona."

"Dada, hebu ifute jeli uinue probu juu."

Akaiinua. Kivuli kikabaki palepale, hakuna mgonjwa wala mbavu. Alikaa kimya, kisha akaomba daftari la wagonjwa wa miezi iliyopita. Namheshimu sana kwa hilo. Kivuli kinachomfuata kila mgonjwa mahali palepale hakitoki kwa mgonjwa.

Ukishuku mahali, thibitisha kwa klipu ya karatasi. Inyooshe kidogo, upake lenzi jeli nyembamba sana, ulaze upande wa mviringo wa klipu ukikata probu kwa upana wake mfupi, kisha uitelezeshe polepole kutoka ncha moja hadi nyingine bila kukwaruza. Mstari mweupe wa wima utasafiri nayo kwenye skrini. Unapofifia au kupotea, elementi za hapo hazifanyi kazi. Andika umbali kutoka upande wenye alama ya probu, ili mwenzako ajue unazungumzia mahali gani.

Halafu jiulize kosa liko wapi. Hamishia probu kwenye tundu jingine la mashine. Mkato ukiifuata probu, ugonjwa ni wa probu au kebo yake. Ukipotea, rudi kakague pini za tundu la kwanza. Weka probu nyingine kwenye tundu lenye shaka. Nayo ikionyesha mikato, tatizo ni la mashine. Hatua hii inaokoa pesa nyingi, kwa sababu probu mpya ni ghali na kuna probu hununuliwa wakati kilichopinda ni pini.

Angalizo moja: probu ndogo ya moyo hutumia elementi zake zote kwa kila mstari wa picha, kwa hiyo elementi iliyokufa haitaacha mkato ulio wazi. Kwayo tegemea zaidi klipu na kina cha kupenya.

Usawa wa picha ndani ya fantomu

Sasa mimina jeli au maji juu ya utando, weka probu upande usio na nyuzi wala matundu, na uangalie kijivu kitupu. Kinatakiwa kitulie sawasawa kulia, kushoto na katikati, bila mistari ya wima wala mikanda ya mlalo inayotokana na maungio ya fokasi. Ukiona kivuli, telezesha probu sentimita moja au mbili. Kivuli kikienda na probu, ni cha probu. Kikibaki na fantomu, ni kiputo cha hewa, jeli kidogo, au fantomu yenyewe.

Kina cha kupenya

Hiki ndicho kipimo ninachokiamini zaidi kwa mashine inayodhoofika. Ongeza nguvu ya kutoa sauti hadi mwisho, fokasi ishuke chini, geini ipande mpaka chini ya picha kuonekane takataka za umeme. Tuliza mkono. Chengachenga za jeli hutulia probu ikitulia. Takataka za umeme huchemka na kumetameta muda wote. Tafuta kina ambacho chengachenga zilizotulia zinazama ndani ya zile zinazochemka. Gandisha picha, weka kalipa, zile alama za kupimia kwenye skrini, kuanzia juu hadi hapo, soma. Inua probu, iweke upya, rudia mara tatu. Tuseme umepata sm 14.2, 14.4 na 14.1: andika zote tatu, kisha wastani, 14.2.

Macho ya watu wawili hayakubaliani hapa, kwa hiyo ikiwezekana apime mtu yuleyule kila mwaka, au wapime wawili pamoja. Fantomu yako nayo iwe na kina cha kutosha. Probu ya tumbo ya masafa ya chini inaweza kuona hadi sakafu ya fantomu fupi, na hapo umepima urefu wa sanduku. Mimi huanza kuuliza maswali kina kikipungua kwa zaidi ya mm 6 kutoka kile cha mwanzo. Upungufu ukifika sentimita moja, naandika kuwa imefeli.

Ila kabla ya kuandika hivyo, chunguza umeme. Chomoa chaja za simu, zima taa za LED, ondoa inveta iliyo karibu, na kama mashine ina betri, chomoa plagi ukutani upime tena. Kina kikirudi, tatizo ni waya wa ardhi au kelele za umeme wa jengo, na hilo ni la fundi umeme.

Umbali

Weka probu ikate nyuzi kwa pembe mraba, ili kila uzi uonekane nukta. Zikionekana vistari vilivyovutwa, umepinda. Shika probu bila kubonyeza. Kwa wima, chagua nyuzi mbili zilizo mbali, sentimita 8 au 10, na uweke kalipa juu ya ukingo wa juu wa nukta zote mbili. Ukianza ukingo wa juu usimalizie katikati. Kwa mlalo, weka kalipa katikati ya kila nukta.

Viwango vinavyotumika sana, ambavyo chama cha wanafizikia tiba cha Marekani, AAPM, kilivichapisha mwaka 1998, ni hivi: kosa la wima lisizidi mm 1.5 au asilimia 1.5, na la mlalo lisizidi mm 2 au asilimia 2, unachukua lililo kubwa. Nyuzi zilizo mbali kwa mm 100 zikisomeka 101.2 kwa wima, hilo linakubalika.

Niseme ninavyoona: mafundi wengi humalizia muda wao hapa, ilhali mashine za kidijitali ni nadra sana kukosea umbali. Ukiona kosa, shuku kwanza joto la fantomu, kukauka kwake, na mpangilio wa kasi ya sauti ambao baadhi ya mashine huruhusu ubadilishwe. Kisha leta mashine ya pili. Mashine mbili zikikosea kosa moja kwa fantomu ileile, fantomu ndiyo mgonjwa.

Utengano, matundu na miduara ya kijivu

Fantomu nyingi zina kundi la nyuzi zinazokaribiana: mm 5, 4, 3, 2, 1, hata 0.5. Kuza picha, leta fokasi kwenye kina hicho, na uone jozi ya mwisho inayoonekana bado ni nukta mbili. Kwa wima, probu ya zaidi ya MHz 4 inatakiwa itenganishe mm 1 au pungufu. Iliyo chini ya MHz 4, mm 2 au pungufu. Kwa mlalo pima upana wa nukta moja kwenye kina cha fokasi na vina viwili vingine. Hakuna namba moja ya mlalo inayofaa probu zote, linganisha na ya mwanzo. Elementi zikifa, nukta hutanuka, na hapo ndipo ukuta wa mshipa wa porta nao unapotanuka na kula nafasi ya ndani.

Matundu yasiyo na mwangwi yanatakiwa yawe meusi kweli, yenye kingo kali na umbo la duara. Andika dogo kuliko yote linaloonekana na kina chake. Tundu likijaa ukungu wa kijivu ambao mwaka jana haukuwepo, mfuko wa maji wa mgonjwa utajaa ukungu huohuo na utaitwa uvimbe wa nyama. Miduara ya kijivu, iliyotofautishwa kwa desibeli chache juu na chini ya jeli, ihesabu tu: mingapi inaonekana, na ule hafifu kuliko yote bado upo?

Ukanda wa juu kabisa usioonekana, pale probu inapoanzia, utazame kwa nyuzi za karibu na utando. Huchukua nusu dakika.

Skrini

Kazi yote hii hupotea kama skrini imefifia. Mashine nyingi zina picha ya majaribio ndani yake. Mraba mdogo wa asilimia 5 uonekane ndani ya mweusi, na wa asilimia 95 uonekane ndani ya mweupe. Usipoonekana, rekebisha mwanga wa chumba kwanza, futa skrini, kisha ndipo uguse mwangaza. Mapazia ya chumba cha ultrasaundi yanayopitisha jua la saa nane yameharibu majibu mengi kuliko tunavyokiri.

Daftari, na nini cha kufanya probu ikifeli

Kila probu iwe na ukurasa wake kwa namba yake ya mfululizo, siyo kila mashine. Vipimo vya kwanza vifanywe siku mashine inapopokelewa, kabla hati ya mapokezi haijasainiwa. Ukichelewa, fanya leo na hizo ndizo zitakuwa za mwanzo. Rudia baada ya matengenezo ya probu na baada ya kubadilishiwa programu. Ukaguzi wa mikono na jaribio la hewani kila mwezi unatosha kufanywa na mtumiaji mwenyewe. Fantomu nzima, mara moja au mbili kwa mwaka.

Probu ikifeli, usimwachie mtumiaji aamue peke yake. Mwandikie mganga mfawidhi kwa maneno ya kawaida: probu hii ina mkato mahali fulani, isitumike kupima ini wala kichwa cha mtoto, inaweza kuendelea kutazama kama mapigo ya moyo yapo. Bandika karatasi kwenye probu yenyewe. Ambatanisha picha mbili, ya mwanzo na ya leo, zikiwa na mipangilio ileile. Nimeona maombi ya pesa yakikaa mezani miaka, na nimeona picha hizo mbili zikiyasogeza. Kama kuna mgonjwa aliyedhurika au aliyekaribia kudhurika kwa sababu ya kifaa, TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, ina utaratibu wa kupokea taarifa hizo, na ofisi yake ya kanda iko hapahapa Mwanza.

Kama fantomu haijafika: chombo cha maji na mshipi

Kipimo cha umbali, angalau, unaweza kukifanya kwa vitu vya sokoni. Chukua kontena la plastiki lenye kuta ngumu, kina cha sentimita 15 hivi. Toboa matundu madogo kwenye kuta mbili zinazotazamana, kila mm 20 kwenda chini, ukipima kwa venia, kile kipimo cha fundi cha milimita. Yasipange safu moja wima. Yahamishe kidogo kando, ili uzi wa juu usiukinge wa chini. Pitisha mshipi wa nailoni mwembamba kuliko yote utakaoupata kwa wauza nyavu, uukaze, uzibe matundu kwa gundi ya silikoni. Chemsha maji ya bomba ili hewa iliyoyeyuka itoke, yapoe yakiwa yamefunikwa, uyamimine taratibu kwa kuinamisha kontena. Futa viputo vilivyoganda kwenye nyuzi. Probu izame milimita chache tu, isivuke mstari ulioruhusiwa na mtengenezaji.

Maji si nyama. Kwa nyuzi joto 20 sauti hupita humo kwa mita 1,482 kwa sekunde, kwa 25 ni 1,497, kwa 30 ni 1,509, na mashine bado inahesabu kwa 1,540. Kwa hiyo pima joto la maji wakati uleule, kisha zidisha umbali wa wima uliousoma kwa kasi ya maji, ugawanye kwa 1,540. Maji yakiwa na nyuzi joto 25, nyuzi zilizo mbali kwa mm 100 zinatakiwa zisomeke 102.9. Ukisoma hivyo, mashine iko sawa. Ukisoma 100 kamili kwenye maji hayo, mashine ina kosa la karibu asilimia 3, au kuna aliyebadilisha mpangilio wa kasi ya sauti. Kwa probu bapa umbali wa mlalo hauhitaji marekebisho hayo, kwa sababu unatokana na nafasi za elementi zenyewe.

Kontena hili halitakuonyesha kina cha kupenya, wala usawa wa kijivu, wala matundu, kwa kuwa maji hayana chengachenga na karibu hayaidhoofishi sauti. Lakini ukiliunganisha na jaribio la hewani na klipu, kituo kisicho na fantomu kinaweza kufungua ukurasa wa kwanza wa daftari lake wiki hii, na fantomu ya kuazima itakapofika itakuta probu zinazojulikana kwa namba.